Safari ya Ulaya kwa mwendo wa Mama

"Na kukaa, tutakaa lini?"

Hilo ndilo swali pekee aliloniuliza Mama nilipomaliza kumsomea ratiba. Tulikuwa jikoni kwangu Hamburg, siku ya pili ya Idi kubwa, Julai 2022, na sufuria ya pilau ilikuwa haijaoshwa. Niliandika miji saba kwa siku kumi na mbili: Berlin, Köln, Brussels, Paris, Luzern, Milano, Venice. Nilikuwa nimehangaika na tiketi na vyumba kwa miezi mitatu, na niliona fahari kwamba kila saa ilikuwa na kazi yake. Nikamjibu, "Tutakaa kwenye treni, Mama." Akamtazama mdogo wake, wakanyamaza wote wawili. Ningewajua vizuri zaidi ningesimama hapohapo.

Tulikuwa sita. Mama, miaka 73, mkulima wa korosho kutoka upande wa Mipingo, mkoani Lindi, mwenye presha na goti la kushoto linalomsumbua. Mama mdogo, 64, ambaye hana maradhi ila hana subira. Mimi na mume wangu. Binti yetu wa miaka 15, na mdogo wake wa kiume, miaka 7, aliyezaliwa Hamburg na ambaye Kiswahili chake wakati ule kilikuwa cha kusikia zaidi kuliko cha kusema.

Ya viza nitayapitia haraka. Mimi nilitoa hati ya udhamini kutoka ofisi ya wageni ya hapa, wao wakapeleka Dar es Salaam bima ya safari ya yuro 30,000 pamoja na ushahidi kwamba wana sababu ya kurudi nyumbani. Mama alipeleka karatasi za shamba lake la mikorosho. Hakuna sababu nzito zaidi ya hiyo, kwa sababu kipindi hicho mikorosho inapuliziwa salfa, na tangu aliposhuka kwenye ndege alikuwa anapiga simu nyumbani kila asubuhi kuuliza kama kijana wa dawa amefika. Ila jambo moja nitalisema kwa msisitizo: dawa za mzee zikae kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na karatasi ya daktari. Majira yale mizigo ilikuwa inapotea kwenye viwanja vya ndege kote Ulaya, na begi la Mama mdogo lilitufikia siku ya tano. Dawa za presha za Mama zingekuwa ndani ya lile begi kama Mama mdogo asingezihamisha kwa bahati tu, akitafuta nafasi ya kuweka korosho.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kubana pesa. Kiangazi kile Ujerumani ilitoa tiketi ya yuro 9 kwa mwezi mzima, ambayo unapandia treni za mikoa na usafiri wa mijini, ila si treni za kasi. Nikapiga hesabu: watu sita, yuro 54, tunafika Berlin na kurandaranda humo bila kulipa tena. Nilichosahau ni kwamba Ujerumani nzima ilikuwa imepiga hesabu hiyohiyo. Treni ilijaa mpaka milangoni, barakoa usoni, joto. Mama alikalia sanduku lake karibu na choo, na tulipobadilisha treni Schwerin ikawa vilevile. Treni ya kasi ingetufikisha kwa saa mbili hivi. Sisi tulifika mchana umekwisha, na goti lake lilikuwa limevimba. Hakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo lililoniumiza. Baadaye nikajifunza kwamba shirika la reli la Ujerumani lina watu wa kumsaidia abiria asiyeweza kutembea vizuri, wanakuja mpaka jukwaani na kumpandisha. Unachotakiwa ni kuomba mapema, kabla ya siku ya safari. Safari nzima iliyobaki tulilipia treni za kasi na viti vyenye namba.

Kosa la pili lilikuwa fleti. Nilikodi fleti moja nzuri, sebule kubwa, bafu moja. Mimi niliona watu sita, sikuona mkwe na mama mkwe. Kwetu mume wangu hawezi kumkuta Mama na khanga moja akitoka kuoga, wala Mama hawezi kumpita mkwe wake koridoni na kopo la maji mkononi. Siku ya kwanza aliamka saa kumi alfajiri ili aoge kabla ya wote, akakaa amevaa kila kitu mpaka mtandio, akingoja kukuche. Mume wangu naye alikwenda kunawa stesheni. Niligundua mchana, nilipowaona wote wawili wanasinzia. Kuanzia Köln nilichukua vyumba viwili mbalimbali, hata kama ni vidogo, na chupa tupu ya maji ikaingia kwenye kila mkoba, maana vyoo vya huku ni karatasi tu, na vya stesheni vinataka na sarafu.

Berlin nilikusudia tuone lango, ukuta na bunge kwa siku moja. Makumbusho ya viumbe niliyaweka kwa ajili ya mtoto, saa moja na nusu. Alikuwa anayajua majina ya dinosaria kuliko majina ya binamu zake.

Ukiingia ukumbi wa kwanza wa Museum für Naturkunde unakutana nayo moja kwa moja, mifupa iliyosimama mita 13.27, shingo imekwenda juu mpaka unainua uso kama unayeangalia mnazi. Mtoto akaanza kueleza kwa Kijerumani, mikono hewani, na dada yake akawa anamtafsiria Bibi: aliishi miaka milioni 150 iliyopita, alikula majani, jina lake Giraffatitan. Kisha binti akasoma kibao na sauti yake ikabadilika. "Bibi, hapa wameandika Tendaguru. Wameandika Lindi."

Mama akauliza, "Tendaguru ipi?" Halafu yeye mwenyewe akajijibu. "Tendaguru ni moja."

Mimi nilisoma shule Tanzania, nilijua kwa juujuu kwamba mifupa ya Tendaguru iko Berlin. Sikuwa nimewaza kamwe kwamba ni mlima ambao mama yangu anauona akienda shamba. Yeye alikuwa amesikia utotoni kwamba wazee walibeba mifupa ya dude kubwa wakawapelekea Wajerumani baharini, akaichukulia kuwa hadithi ya jioni. Sasa alikuwa amesimama mbele yake.

Binti alisoma, mimi nikaongezea ninayoyajua. Kwamba msafara wa kuchimba ulikuwa kuanzia 1909 mpaka 1913, na mwanzoni uliongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig. Kwamba mamia ya watu wa kwetu walichimba, wakafunga mifupa, wakaibeba kichwani na begani kwa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi, na mzigo wote ulipita tani 200. Kwamba msimamizi wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Mama alinizuia mkono. "Mwaka gani umesema? Elfu moja mia tisa na tisa?" Ndiyo. "Basi ni baada tu ya Majimaji. Watu walikuwa wametoka kwenye njaa. Hao hawakubeba kwa nguvu, walibeba kwa shida."

Kibao hakikuwa na sentensi hiyo. Nimekaa Ujerumani miaka kumi na sita na nimesoma vibao vingi, na sijaona kilichosema jambo kwa maneno machache kama yale.

Akaomba kiti. Akakaa chini ya ile shingo, akainua viganja, akawasomea Fatiha waliobeba. Watalii walipita, mmoja akapunguza sauti bila kujua ni nini. Mtoto wangu akakaa sakafuni miguuni pake akauliza kwa Kiswahili, taratibu, neno moja moja: "Bibi, wewe unamjua nani alibeba?" Naye akaanza kumtajia koo, babu wa nani, mjomba wa nani, nyumba iliyo karibu na mwembe gani. Ile saa moja na nusu yangu ikawa saa nne. Lango la Brandenburg tuliliona kupitia dirisha la basi.

Jioni kukawa na mabishano mazito. Mama mdogo alitaka mifupa irudishwe kesho yake. Mama akasema irudi, ila kwanza lijengwe jumba ambalo mvua haitaingia, na barabara ambayo mtoto wa shule ataweza kupita masika. Binti akauliza kwa nini watu wa huku wangojewe mpaka sisi tujenge ndipo watoe. Walibishana mpaka usiku, bibi na mjukuu, kila mmoja kwa lugha yake, na sikuwatafsiria tena kwa sababu walikuwa wameshaanza kuelewana.

Usiku huo nilifuta Brussels, Milano na Venice. Sehemu ya pesa ya vyumba ilipotea na sijaijutia.

Köln tulikaa siku mbili. Kanisa kuu limesimama mlangoni mwa stesheni, unatoka tu unalikuta, mita 157. Lilianza kujengwa 1248 likakamilika 1880. Mume wangu na binti walipanda ngazi 533 za mnara wa kusini, sisi wengine tukakaa chini tunakula kachori zilizobaki. Kichekesho kilikuwa daraja la Hohenzollern, lililo hatua chache kutoka hapo. Wavu wake umejaa makufuli, wapenzi wanaandika majina yao, wanafunga, wanatupa ufunguo mto Rhine. Mama mdogo alisoma jina baada ya jina, kisha akanong'ona, "Dada, kwetu ukimkuta mtu anafunga jina la mume kwenye kufuli na kutupa ufunguo mtoni, si unaita shehe?" Mama alicheka mpaka akashika kifua. Nilimweleza kwamba hawa wanafunga kwa hiari yao, wote wawili wakiwa wapo. "Hata hivyo," akasema, na hakuendelea.

Paris ilitukuta na joto. Tarehe 19 Julai mji ulipita nyuzi 40. Watu huniuliza, mwanamke wa Lindi anaogopa joto gani? Joto la Lindi lina upepo wa bahari, lina kivuli cha mwembe, lina nyumba yenye madirisha mawili yanayotazamana. Vyumba vyetu vilikuwa ghorofa ya tano chini ya paa, havina feni, na nyumba za huku zimejengwa kushika joto lisitoke. Asubuhi Mama alifungua madirisha yote, kama nyumbani. Kufika saa sita mchana chumba kilikuwa tanuri. Jirani mmoja, bibi wa Kifaransa wa umri wa Mama, alitugongea akatuonyesha kwa ishara: mchana funga madirisha na mbao zake, usiku ndipo ufungue. Mama naye akamwonyesha lake. Alilowesha khanga, akaikamua, akaitanda mabegani. Siku ya pili tulimwona yule bibi kwenye ngazi ana taulo bichi shingoni, wakapungiana mikono.

Siku hiyohiyo ya joto ndiyo niliyowapeleka Louvre. Ilikuwa Jumanne, na Louvre hufungwa Jumanne, jambo ambalo limeandikwa kila mahali na mimi sikulisoma kwa sababu nilikuwa nimehamisha siku nilipopangua ratiba. Tumesimama uwanjani, jua la saa saba, kioo cha piramidi kinatupiga machoni, mtoto analia. Metro haikuwa msaada, vituo vingi vya Paris havina lifti na goti la Mama lilikuwa limekataa ngazi tangu jana yake. Mabasi ndiyo yaliyotuokoa. Yanashusha sakafu karibu na barabara, na mtu anaona mji badala ya kuona giza la chini.

Tukashuka kwenye Msikiti Mkuu wa Paris. Huo haukuwa kwenye ratiba yoyote. Ulifunguliwa 1926, kwa kuwaenzi Waislamu waliokufa wakiipigania Ufaransa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mnara wake mita 33, na ndani kuna bustani yenye maji yanayotiririka, vigae vya kijani na buluu, kivuli cha kweli. Mama alitawadha kwa maji mengi, akakaa kwenye sakafu ya baridi, akanyoosha mguu. Aliswali adhuhuri na alasiri kwa pamoja, rakaa mbilimbili, kama msafiri. Jambo hili lilikuwa limempa raha safari nzima, kwa sababu jua la Paris mwezi ule linazama karibu saa nne usiku, na bila ruhusa ya msafiri angekesha akingoja isha. Baadaye tulikunywa chai ya nanaa kwenye mgahawa wa msikiti. Shomoro walishuka mezani kula makombo. Mtoto aliacha kulia. Tulikaa mpaka saa kumi na moja, na hakuna aliyeniuliza kinachofuata.

Mnara wa Eiffel tuliuangalia kutoka chini, saa tano usiku, taa zilipoanza kumetameta kwa dakika zake tano. Mtoto alikuwa amelala mgongoni mwa baba yake na hatukumwamsha.

Mwisho ulikuwa Luzern, Uswisi. Huko sikupanga kitu. Siku moja tu tulitoka, boti mpaka Vitznau, halafu treni yenye gurudumu la meno inayopanda mlima Rigi, iliyoanza kazi 1871. Niliogopa milima mirefu zaidi yenye theluji kwa sababu ya presha. Rigi haifiki mita 1,800, na theluji unaiona kwa mbali, juu ya Alpi nyingine. Ng'ombe wana kengele shingoni. Tukakaa kwenye benchi, sisi watatu wanawake, wengine wameenda kutembea.

Mama alikuwa anaangalia nyumba. Ukiwa juu pale unaziona zimetawanyika mlimani, moja huku, moja kule, kila moja na uwanda wake wa majani. Aliangalia muda mrefu, kisha akamwambia mdogo wake, "Hawa hawakuhamishwa."

Nikauliza, nani alihamishwa? Wakanitazama kama mtoto aliyechelewa kuingia darasani. Na ndipo, nikiwa na miaka 41, nikasikia kwa mara ya kwanza kwamba nyumba ninayoijua mimi kama kwao Mama si kwao. Kwao kulikuwa ndani zaidi, nyumba ya babu peke yake katikati ya mikorosho yake. Ilipokuja operesheni ya vijiji, miaka ya 1970, waliambiwa wasogee barabarani wakakae pamoja, karibu na shule na bomba. Shule ilikuja kweli, Mama mdogo alisoma hapo na hataki mtu aibeze. Lakini mikorosho ilibaki porini, mwendo wa saa nyingi, ikamezwa na vichaka. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikuwa imevuna karibu tani 145,000 za korosho, baada ya hapo mavuno yakaporomoka kwa miaka. Hizo namba nimezisoma. Nilichokuwa sijasoma ni kwamba babu alikuwa anatoka kila Ijumaa baada ya swala kwenda kuiangalia mikorosho yake, bila panga, bila kikapu, anakwenda kuiangalia tu, mpaka alipofariki. Shamba la Mama la sasa, lile ambalo karatasi zake zilimpatia viza, alilipanda mwenyewe kwa mbegu alizookota chini ya ile ya zamani.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku zote hizo.

"Ulikuwa unakuja wiki mbili, unakimbia. Leo kuona shangazi, kesho harusi, keshokutwa benki. Ningekwambia wakati gani?"

Tulikosa boti mbili za kurudi.

Tangu hapo nimesafiri na wazee wa wengine pia, na watu huniuliza ushauri. Huwa nawaambia: jambo moja kwa siku, na liwe asubuhi. Mchana ni wa kulala. Uliza lifti iko wapi kabla ya kuuliza mnara uko wapi. Usimfiche mzee gharama, maana akiigundua mwenyewe ataacha kula. Mwachie mtoto na bibi yake saa ambazo wewe hupo, kwa sababu ukiwepo watakutegemea utafsiri. Mwanangu alirudi Hamburg anaitwa "mume wangu" na bibi yake, utani ambao mwanzoni ulimfanya akimbilie chumbani, na mwisho akawa anamjibu, "Mke wangu, chai."

Mama na mdogo wake waliondoka mwanzoni mwa Agosti. Wiki iliyofuata akapiga simu. Salfa ilikuwa imepuliziwa sawasawa, kijana wa dawa hakumwibia. Mifupa ameshawasimulia kijiji kizima, wengine hawaamini, anataka picha kubwa ya kutundika ukutani. Kisha akasema safari ijayo ni zamu yetu, twende wote, na ratiba ataipanga yeye.

Nikachukua kalamu. "Haya Mama, nisomee."

"Siku ya kwanza mtalala. Siku ya pili mtalala. Siku ya tatu, kama hakuna mvua, tutakwenda kuangalia mikorosho ya babu."

"Na siku ya nne?"

"Mbona una haraka, mwanangu."